Ufa wa meza haufichwi, hufungwa

Wahenga waliotuusia tuzibe ufa mapema, tusije tukajenga ukuta, walisema kweli. Lakini walikuwa wakizungumza juu ya ukuta. Ukuta wa mawe na chokaa ukishasimama, umesimama. Ufa wake ukijazwa chokaa, ukasawazishwa kwa mwiko na kupakwa rangi, kazi imekwisha. Mbao si hivyo. Mti hata ukatwe, upasuliwe, upigwe randa na kupakwa vanishi, bado una tabia ya kitu kilicho hai. Wakati wa masika huvuta unyevu wa hewa ukatanuka, na wakati wa kiangazi huutoa ukanywea. Kwa hiyo mtu azibaye ufa wa meza kwa namna ile ile azibavyo ukuta, atauziba leo, na baada ya miezi michache ufa utafumbuka tena umcheke.

Msomaji mpenzi, leo nataka tuzungumze juu ya ufa wa meza: unatoka wapi, unafungwaje, na kwa nini mafundi wazuri hawauifichi bali huufanya pambo. Utauliza, je, hilo nalo ni jambo la kuandikwa katika ukurasa wa utamaduni? Naam, ni jambo. Ndani yake mna ufundi wa wazee wetu wa pwani ambao siku hizi wauonao ni wengi kuliko waujuao. Na mna suala la uaminifu baina ya muuzaji na mnunuzi, ambalo halijawa dogo hata siku moja mbele ya sheria yetu.

MEZA YA FUNDI CHEREHANI

Binti wa marehemu kaka yangu anakaa Riruta, katika eneo la Dagoretti, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Babu yake mzaa mama alikuwa fundi cherehani katika Mji wa Kale wa Mombasa, na juu ya meza moja ya mbambakofi aliwakatia watu kanzu kwa miaka mingi. Uso wa meza hiyo ni ubao mmoja mpana, mzito, usio na kiungo. Ukiuinamia utaona vijialama vilivyoachwa na ncha ya makasi. Mzee alipofariki, mama mtu aliirithi meza, naye akampa bintiye, ikapandishwa Nairobi kwa lori.

Miaka miwili haikutimia, ufa ukatokea. Ulianzia kwenye kichwa kimoja cha ubao, ukapanda kuelekea katikati kiasi cha dhiraa moja. Na hapo mdomoni ulikuwa mpana wa kupitisha sarafu ya shilingi.

Sasa mambo yakagongana. Mwanawe alikuwa amepata nafasi katika shule ya sekondari ya bweni, na ada ilitakiwa kabla ya muhula kuanza. Akaona heri aiuze meza. Mnunuzi alipatikana, bwana mmoja aliyeionyeshwa picha iliyopigwa kabla ya ufa, wakapatana bei, akaahidi kuja kuichukua baada ya mwezi mmoja.

“Ami,” aliniambia kwenye simu, “nitafutie fundi aufute ufa huu. Yule bwana akiuona atanipunguzia, nami pesa zenyewe nimeshazipigia hesabu.”

Nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nikaenda kuwatafuta mafundi. Anayetoka katikati ya jiji akiifuata Barabara ya Ngong hufika Dagoretti Corner, mahali njia zinapogawanyika, moja ikielekea Karen na Ngong, nyingine ikiingia Kawangware na Riruta. Kando ya barabara hiyo maseremala hupanga vitanda, makabati, viti na meza, na nyuma yake husikika randa na misumeno mchana kutwa. Nasi watu wa pwani si wageni wa upande huo. Kabla ya reli, na kabla ya Kapteni Lugard kujenga boma lake Dagoretti mwaka 1890, misafara ya wazee wetu ilikuwa ikituaga mizigo karibu na hapo, mahali palipoitwa Ngongo Bagas, ikinunua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea na safari ya bara.

Fundi wa kwanza alikuja akapitisha kidole juu ya ufa, akasema hiyo ni kazi ya saa moja. Maranda laini yachanganywe na gundi, yashindiliwe ndani, yapigwe msasa, kisha vanishi nzito ipite juu. “Mzee,” akaniambia, “hata wewe mwenyewe hutajua ulikuwa wapi.”

Fundi wa pili, mtu wa makamo, mzaliwa wa Waithaka, hakuugusa ufa. Aliomba kwanza meza ipinduliwe. Tukaipindua juu ya blanketi. Chini yake palikuwa na vipande vitatu vya mbao vilivyokatiza upana wa ubao, vimekazwa kwa skurubu nene hadi zikazama. Akazigonga kwa kucha, akasema, “Mzee, ugonjwa uko hapa. Huko juu ni homa tu.”

KWA NINI UBAO HUPASUKA

Maneno ya fundi yule yanataka kuelezwa, maana asiyejua ufa unakotoka hawezi kuufunga.

Mti mbichi umejaa maji. Ukishapasuliwa mbao, maji huanza kutoka, na kadiri yanavyotoka ubao hunywea. Lakini haunywei sawasawa kila upande. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi zake, haupungui kiasi cha kuonekana. Kwa upana ndiko unakopungua. Na kule kunakofuata duara za umri wa mti hupungua takriban mara mbili kuliko kunakoelekea kwenye kiini. Upande mmoja ukivuta kuliko mwingine, nyuzi huachana. Ndiyo maana ufa wa mbao hufuata nyuzi, haukatizi. Na kwa kuwa vichwa vya ubao, pale nyuzi zilipokatwa, hutoa maji kwa haraka zaidi kuliko ubavu, nyufa nyingi huanzia vichwani.

Meza ile ya Mombasa ilikuwa kavu kwa kadiri ya hewa ya Mombasa. Huko iliishi miaka chungu nzima kandokando ya bahari, hewa imejaa unyevu mchana na usiku. Nairobi iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,700, na hewa yake ya Januari na Februari ni kavu, inakausha hata midomo ya watu. Ubao ulipofika huko ukatoa unyevu uliobaki, ukataka kujikunyata. Lakini zile skurubu za chini zilikuwa zimeushika mikono na miguu. Kitu kinachotaka kujikunyata, nacho kimeshikwa pande zote, hakina njia ila kupasuka.

Meza mpya zina maradhi mengine, nayo ni ubichi. Desturi ya mafundi wa nchi nyingi ni kwamba ubao wa unene wa inchi moja uanikwe kivulini kiasi cha mwaka mzima, umetenganishwa na wenzake kwa vipande vyembamba ili hewa ipite. Fundi wa kando ya barabara hana mwaka wa kungoja. Ana kodi ya kulipa na watoto wa kulisha. Hali ilizidi kuwa ngumu baada ya serikali ya Kenya kusimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, amri ambayo Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023. Katika miaka ile mbao zilipanda bei, na mafundi wengi wakageukia miti iliyoangushwa mashambani na viwanjani: mgrevilea, mkaratusi, mwembe. Mbao hizo si mbaya. Ubaya ni kuzigeuza meza kabla hazijakauka.

KIPEPEO JUU YA UFA

Sasa tuje kwenye tiba. Fundi wa Waithaka alianza kwa kuzilegeza zile skurubu. Kisha matundu ya vile vipande vya chini akayarefusha kwa patasi, yakawa mfano wa tundu la kifungo cha kanzu, ili skurubu ishike bila kuuzuia ubao kusogea. Baada ya hapo akachukua kalamu ya risasi, akatia alama ndogo pale ufa ulipoishia, akaandika tarehe pembeni, akaenda zake. “Nitarudi baada ya wiki tatu,” alisema. “Ikiwa umevuka alama, bado unatembea. Huwezi kufunga jeraha la mtu anayekimbia.”

Aliporudi, ufa ulikuwa palepale, na mdomo wake umefumba kidogo kwa kuwa ubao umeachiwa huru. Ndipo akatoa vipande vitatu vya mti mweusi. Vilikuwa vya mpingo, masalio aliyopewa na mchonga vinyago.

Kila kipande alikichonga umbo la kipepeo aliyetandaza mbawa: kipana huku, kipana kule, chembamba kiunoni. Hicho huwekwa kukatiza ufa, kiuno kikikaa juu ya ufa wenyewe, mbawa moja upande huu na nyingine upande ule. Ubao ukitaka kuachana, mbawa zinakataa kupita kwenye kiuno. Hapa pana siri ambayo asiyeijua huharibu kazi yote: nyuzi za kipepeo lazima zikatize ufa, zitoke mbawa moja hadi nyingine. Zikifuata ufa, kipepeo kitakatika kiunoni kama biskuti.

Fundi alikiweka kipepeo juu ya meza, akakizungushia ncha ya kisu, si kalamu, ili mstari uwe mwembamba. Akachimba ndani ya mstari kwa patasi kwa kina cha nusu ya unene wa ubao. Wengine huridhika na theluthi moja. Ubavu wa kipepeo aliuinamisha kidogo, upande wa chini ukawa mwembamba kuliko wa juu kwa kiasi cha unywele, ili kikipigwa nyundo kikaze kadiri kinavyozama. Akapaka gundi, akakigonga taratibu kwa nyundo ya mti, akakiacha kimetokeza kidogo, na siku ya pili akakirandia mpaka kikalingana na uso wa meza. Kikubwa alikitia karibu na mdomo wa ufa, cha kati katikati, na kidogo karibu na alama ya kalamu ambapo ufa ulikoma.

Umbo hilo ni la zamani sana. Wamisri wa kale waliyafunga mawe ya mahekalu yao kwa vipande vya mbao vya namna hiyo hiyo, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Nabii Isa. Na katika zama zetu liliinuliwa na mtu mmoja aitwaye George Nakashima, aliyezaliwa Marekani mwaka 1905 kwa wazazi Wajapani, akasomea ujenzi wa majumba. Mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Marekani ilimtia kambini Minidoka, Idaho, pamoja na maelfu ya watu wa asili ya Japani. Huko kambini alikutana na seremala aitwaye Gentaro Hikogawa, akajifunza kwake vyombo na viungo vya Kijapani. Alipotoka alifungua karakana New Hope, Pennsylvania. Mbao ambazo wengine walizitupa kwa kuwa zina nyufa na mafundo, yeye alizifanya meza, nyufa akaziacha wazi na kuzifunga kwa vipepeo. Alifariki mwaka 1990, na meza zake huuzwa kwa bei ya nyumba.

Nilipomsimulia fundi habari hizo akacheka. “Mama yangu hakusoma,” akasema, “lakini kibuyu chake kikipasuka alikishona.” Ni kweli. Katika makabila mengi ya Kenya kibuyu kilichopasuka hakitupwi. Hutobolewa matundu madogo huku na huku ya ufa, kikapitishwa uzi au ukambaa, na wengine hutia shanga juu ya mshono. Kibuyu chenye mshono hujulikana kuwa kimetumika na kimependwa.

NJUMU NA KALAFATI

Hapo ndipo nilipokumbuka yetu. Sisi watu wa pwani tulijua kupamba mti kwa kutia ndani yake kitu kingine tangu zama za viti vya enzi, ambavyo mpaka leo vimo katika jumba la makumbusho la Lamu. Viti vile vilitiwa njumu za mfupa na pembe za ndovu juu ya mti mweusi, vipande vidogo vya miraba na pembetatu, kila kimoja kikikaa ndani ya tundu lake. Pembe zimekwisha zamani zake, na ni vyema zimekwisha. Kenya iliteketeza tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016, ili dunia ijue kuwa bidhaa hiyo haina soko tena.

Lakini mfupa upo. Dagoretti inajulikana Nairobi nzima kwa machinjio yake, na Kibera, ambayo haiko mbali, wako mafundi wanaofanya mapambo kwa mifupa ya ng'ombe. Mfupa huchemshwa, hukwanguliwa mafuta, huoshwa kwa sabuni, huwekwa dawa ya kuung'arisha, hukaushwa, kisha hupasuliwa vipande kwa msumeno mwembamba. Kwa sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Imam Shafii, ambamo mfupa wa mnyama asiyechinjwa kisheria huhesabiwa najisi, inafaa fundi aulizwe mfupa wake umetoka wapi, hasa ikiwa meza ni ya chakula. Wa ng'ombe aliyechinjwa kisheria hauna mjadala.

Nilimwomba fundi atie katikati ya kila kipepeo mraba mmoja mdogo wa mfupa, umesimama kwa pembe yake kama yafanyavyo mafundi wa Lamu na Siyu. Alilitazama ombi langu kwa muda, akasema hajapata kuifanya kazi hiyo. Akajaribu kwanza juu ya kipande cha mti wa kutupa, mara ya kwanza mfupa ukavunjika, mara ya pili ukakaa. Kisha akavitia vyote vitatu. Weupe juu ya weusi, weusi juu ya wekundu wa mbambakofi.

Ukabaki ule uwazi wa ufa wenyewe. Sasa, baada ya kufunga, ndipo ruhusa ya kuziba inapokuja. Wapo wanaouacha wazi kama alivyofanya Nakashima. Wapo wanaomimina resini, ile dawa ya chupa mbili inayochanganywa kwa kipimo ikaganda kama kioo, wakaitia rangi ya buluu au unga wa shaba. Fundi wetu alitia resini iliyochanganywa na unga wa makaa, ikawa nyeusi kama mpingo. Alibandika utepe chini ya ufa isivuje, akamimina kidogo kidogo, akangoja siku nzima kati ya tabaka na tabaka. Wakati wa kupiga msasa alijifunga kitambaa puani, na ninyi mtakaojaribu msidharau hilo, kwa kuwa vumbi la resini na la mfupa halifai kifuani.

Hata katika kuziba, wazee wetu walikuwa na akili kubwa kuliko tunavyodhani. Nenda Matondoni, kisiwani Lamu, uwatazame mafundi wa majahazi wakitia kalafati. Baina ya ubao na ubao hawatii kitu kigumu. Hutia pamba iliyorowekwa mafuta, wakaishindilia kwa patasi butu na nyundo. Mbao zikitanuka majini, pamba hubanwa. Jahazi likipandishwa pwani likakauka, pamba hubaki mahali pake. Fundi wa jahazi anajua kuwa chombo chake kitasogea, akakipa nafasi ya kusogea. Fundi wa maranda na gundi hufanya kazi kana kwamba mti umekufa.

RUNDO LA CHAKULA

Siku ya mnunuzi ikakaribia. Binti yangu alipoiona meza alifurahi, kisha akanyamaza. “Ami, imependeza,” akasema, “lakini sasa kila mtu ataona kuwa ilipasuka.”

Nikamwambia, “Mwanangu, hiyo ndiyo faida yake.”

Katika darasa la chuoni tulisomeshwa Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, ya siku ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye rundo la chakula sokoni. Alitia mkono ndani yake, na vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali alipoulizwa akajitetea kuwa mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume akamwuliza mbona hakukiweka kile kilichorowa juu, watu wakakiona; kisha akakata neno kwamba mwenye kughushi si katika watu wake.

Tangu utotoni nimeisikia Hadithi hiyo ikisomwa juu ya wauza nafaka. Lakini tazama, msomaji, ilivyo karibu na mambo ya mbao. Kosa la mtu yule halikuwa mvua. Mvua ni ya Mungu. Kosa lilikuwa kuweka kilicho kikavu juu na kilichorowa ndani. Na meza mbichi iliyopakwa vanishi ikang'aa, au meza iliyopasuka ikashindiliwa maranda, ni nini kama si rundo lile lile? Mafakihi wetu wametuwekea wazi kwamba mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu ana haki ya kukirudisha. Aliyeonyeshwa akaridhika, amekichukua kwa macho yake.

Mnunuzi akaja. Alisimama mbele ya meza, akaona vile vipepeo, akauliza ni nini. Binti akamweleza yote: ufa ulianza lini, kwa nini, skurubu zilikuwaje, nini kimefanywa. Yule bwana akainama akatazama chini, akatikisa meza, akapitisha kiganja. Kisha akapunguza bei. Hakupunguza nyingi, lakini alipunguza, nasi hatukumlaumu, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Pengo lililobaki katika ada tulilijazia sisi jamaa, huyu kidogo na yule kidogo, na kijana akaingia shule siku ya pili baada ya wenzake.

Hesabu ya pesa inaonyesha kuwa uaminifu ulimgharimu mwanamke yule. Sitasema vinginevyo. Lakini meza ile iko sebuleni mwa mtu anayejua alichonunua, na msimu wa ukavu ukija, hakuna wa kupigiwa simu usiku kuitwa mwongo.

Nami nikapata beti moja njiani nikirudi Mombasa, nakuandikieni hapa:

Ufa ulio mezani, dawa yake ni kipingo,
Maranda ndani kwa ndani, ni tiba yenye urongo,
Tia njumu hadharani, kwa mfupa na mpingo,
Mnunuzi wa dukani, asije na masimango.

USHAURI KWA WENYE MEZA

Kwa wale wenye meza zilizoanza kufumbuka, haya ndiyo niliyoyaokota kwa fundi. Usikimbilie gundi. Angalia kwanza kama ubao umefungwa mno kwa chini. Iondoe meza juani na mbali na jiko la makaa. Weka alama ya kalamu mwisho wa ufa na tarehe yake, ungoje wiki kadhaa. Ukiona umetulia, mwite fundi umwombe kipepeo cha mti mgumu usiopungua ugumu wa meza yenyewe, na umwulize nyuzi zake zitaelekea wapi. Akikosa jibu, mtafute mwingine. Ukipaka vanishi juu, paka na chini, ili unyevu uingie na kutoka sawasawa kote. Na vichwa vya ubao visisahauliwe. Huko ndiko maji yanakopitia.

Anayenunua meza mpya achukue kipande cha masalio ya mbao ile ile, akipime kwenye mizani ya dukani, akipime tena baada ya wiki. Ikiwa kimepungua uzito, mbao bado mbichi, na meza bado haijawa meza.

Kwa mafundi wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja nina neno moja. Njumu ninyi mnaijua tangu mababu, na kalafati mnaijua. Yule fundi wa Dagoretti alijifunza mraba wa mfupa kwa siku moja kwa kuwa aliombwa. Vijana wangapi wa kwetu wanapita kila siku mbele ya viti vya enzi, na hakuna anayewaomba watie hata mraba mmoja? Meza za bara zinapasuka kila kiangazi. Kazi iko, tena ya halali.

Nawe msomaji, ukimaliza kusoma, ipindue meza yako uitazame chini.